Kwa Bahati Tu, Mama Numbi

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Kesho nakutana na mama Numbi kwa bahati. Mara tatu. Nimeshapanga kila kitu.

Sababu ni hii. Mama Numbi ni mjane anayekaa mtaa wa Kapata, mama yake Agnès. Agnès ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dilala. Mi nampenda, naye ananipenda, angalau siku ambazo sijamuudhi. Mwaka mzima namwambia nitakuja kwao. Sijaenda. Sasa Muteba, yule mnunuzi wa madini mwenye jeep nyekundu, ametangaza kwamba Jumapili ya wiki ijayo anakwenda na wazee wake kumposa. Agnès kaniletea habari hiyo leo, kasimama mlangoni mwa studio yangu ya picha, mkoba begani, bila kuingia. Amesema yeye hamtaki Muteba. Amesema pia hawezi kumkataa mtu aliyebisha hodi kwa ajili ya mtu ambaye hajabisha. Nimchukue baba yangu mdogo François, tuje, tuseme. Eti ni kazi ya nusu saa.

Nusu saa! Hajui. Mtu akibisha hodi anaweza kuambiwa hapana, na baada ya hapo anarudi wapi? Lakini anayekutana na watu njiani hajaomba kitu, kwa hiyo hanyimwi kitu. Nimelifikiria hilo tangu mchana. Nilikuwa nalifikiria hata nikipiga picha ya kitambulisho, ndiyo maana mteja ametoka bila kichwa na amerudi kunigombeza.

Mama Numbi ana imani yake. Agnès aliwahi kuniambia: ukikutana na mtu mara tatu kwa siku moja, mama yake anasema Mungu ana neno kati yenu. Vizuri. Mungu ana kazi nyingi. Mi nitamsaidia.

Wazazi wangu walikutana kwa bahati, kwenye stesheni ya Kasaji, usiku ambao treni haikuja. Mama alikuwa na karanga, baba alikuwa na blanketi. Mama alinisimulia hadithi hiyo mpaka alipofariki, nami nikiwa bado mdogo wa kulala mapema. Treni ingefika, nisingekuwepo. Sasa nina miaka thelathini na sita, na hakuna treni iliyochelewa kwa ajili yangu.

Baba mdogo François, aliyenilea, kapita jioni kula bukari, ugali wetu. Sikumwambia mpango. Kasimulia tena ile hadithi yake ya kila arusi: jinsi alivyomwona mama mkwe wake anakuja barabarani, akaruka ndani ya mfereji kwa adabu, akavunja jino. Nimecheka kama kawaida. Mambo ya wazee.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Siku ya leo niiandike polepole, maana sijaielewa.

Saa tatu niko soko kubwa, upande wa samaki wakavu, shati limepigwa pasi, kamera shingoni ili nionekane niko kazini. Mama Numbi hununua majani ya sombe pale kila Jumamosi. Nimesimama nikifanya uso wa mtu asiyemngoja mtu.

Kwanza kaja mzee mwenye bata. Bata mzima, chini ya kwapa, na mfuko wa unga begani. Kanishika mkono, kasema ametoka Kasaji na pikipiki tangu jana, hajui tena mji huu, wamejenga kila mahali, nimwelekeze njia ya Kapata. Akaanza kueleza anakwenda kwa nani na kwa sababu gani. Wakati huohuo nikaona kitenge cha kijani cha mama Numbi. Nikamwonyesha mzee upande, wowote, nikamwambia anyooshe tu. Akashukuru sana. Bata aliniangalia vibaya.

Nikamwendea mama Numbi. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa, kwamba hii ni bahati kubwa.

Akaniona. Nina hakika aliniona. Akavuta kitenge kichwani, akageuka, akapita katikati ya wauza nyanya kwa mwendo ambao sikutegemea kwa mama wa umri wake.

Nikadhani ni jua. Nikazunguka kwa wauza chumvi nitokee mbele yake. Nikatokea. Akageuka tena. Nikazunguka kwa wauza makala ya kupikia. Safari hii akaweka kikapu chini na kuinama nyuma ya magunia. Nikajua kaangusha kitu. Nikainama nami upande wa pili kumsaidia kutafuta, nikauliza ni pete au ni ufunguo. Hakujibu. Nilipoinua kichwa hayupo, kikapu kipo. Wauzaji wote walikuwa wamesimama. Mmoja akaniuliza kama nyumbani kwetu hakuna wakubwa. Nikamjibu yupo baba mdogo. Wakapiga makofi, sijui kwa nini.

Nikabeba kikapu kumfuata. Nje ya soko nikaona kitu ambacho kingali kinaniuma hadi sasa ninapoandika. Jeep nyekundu. Muteba anashuka. Na mama Numbi, huyohuyo, anampa mkono. Mikono miwili. Anamtazama usoni, anacheka, anamuuliza mguu wa mama yake unaendeleaje. Nilijificha nyuma ya sombe zake mwenyewe mpaka wakaachana.

Mi si mtu wa kukata tamaa mapema. Saa sita, nyumba ya mshonaji wa mama Numbi. Njiani nani? Mzee wa bata, viatu vyekundu kwa vumbi. Upande niliomwonyesha ulimfikisha kwenye shimo la mgodi, na walinzi wakamrudisha. Hakunilaumu. Alisema tu, kumbe tumeonana tena, mwanangu. Nikamwambia anisubiri hapo kidogo, narudi sasa hivi. Sikurudi. Bahati ya kweli haina adabu, inakuja wakati una kazi.

Kwa mshonaji nilipita mbele ya dirisha taratibu, nikiangalia juu kama mtu anayesoma mawingu. Mama Numbi alikuwa ndani, anapimwa gauni. Nikasikia kelele. Nikaenda nyuma ya nyumba kuangalia kuna nini, na hapo nikamkuta juu ya ukuta. Mama Numbi, mama wa kwaya, juu ya ukuta, pini zimejaa kwenye gauni. Akarukia kwa jirani. Nikasema “pole, mama” kwa ukuta. Kikapu nikakiacha kwa mshonaji, ambaye alikipokea bila kunitazama.

Mara ya tatu ilipangwa iwe parokiani, kwenye mazoezi ya kwaya. Sikufika. Mvua ilinikamata njiani, mvua ile ya Novemba isiyo na utani. Nikakimbilia kibanda cha mama mmoja anayekaanga mikate. Bati dogo, ukuta mmoja. Na chini ya bati hilo, anakung'uta kitenge, alisimama mama Numbi.

Naapa sikupanga. Hii ilikuwa bahati yenyewe, safi, sijaigusa. Nikawaza: sasa Mungu amefika.

Akageuka, akaegemeza uso ukutani, akajifunika. Nikamsalimu mgongo wake. Nikautaarifu mgongo kwamba leo ni mara ya tatu. Mgongo ukanyamaza. Halafu akamwambia yule mama wa mikate amwambie huyo mtu kwamba hawezi kusimama naye chini ya bati moja. Mama wa mikate, aliye hatua moja kutoka kwangu, akanirudishia maneno yaleyale, neno kwa neno. Nikamwomba amjibu kwamba mvua ni kubwa. Akamjibu. Mama Numbi akamwambia amwambie kwamba mtu mzima akilowa anakauka.

Nikatoka.

Nilitembea katikati ya barabara, maana kulowa zaidi hakuwezekani. Sijui nimetembea kiasi gani. Mtu akanifunika kwa nusu ya turubai lake. Ni mzee wa bata. Bata alikuwa ndani ya koti, kichwa tu nje. Hakuuliza kwa nini sikurudi. Sikuwa na mpango wowote tena, na mtu asiye na mpango anakuwa na nafasi ya kusikiliza wengine. Nikamuuliza kama bado anakwenda Kapata. Nikasimamisha taxi-moto, pikipiki ya abiria, nikampa mahali pazuri katikati, nami nikakaa nyuma kabisa, kwenye chuma, nimemshikia unga.

Njia nzima nilimweleza. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilizungumza na mgongo tena, na huu haukunikimbia. Nikamwambia kuna mama mmoja ananichukia, ananikimbia mpaka juu ya kuta, na binti yake ndiye kila kitu changu. Karibu na Kapata mzee akauliza swali moja: je, nilikwenda kwao nikabisha hodi? Nikamwambia hapana, nilikutana nao tu. Akasema “aah”. Akaniuliza jina. Nikamwambia Stany, mpiga picha wa Dilala.

Alishukia kwenye kona ya avenue ya mama Numbi. Nilitaka kumpeleka hadi mlangoni, lakini avenue hiyo siwezi kuikanyaga leo. Jina lake sikumuuliza.

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Homa. Sikwenda misa. Pua inavuja, moyo pia.

Nimemwandikia Agnès ujumbe kwenye simu. Nimeufuta, nimeuandika tena. Mwishowe nimeutuma: nakuacha huru, mama yako ameshachagua, Muteba alisalimiwa kwa mikono miwili. Niliona ni maneno ya mtu mkubwa. Baada ya kuyatuma nimelia kidogo, halafu nimekula mkate wa jana.

Hakujibu.

Nimelala nikiangalia pazia la studio, lile lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa. Watu wanakuja, wanajipanga mbele yake, wananyoosha shingo, wanasema nipige wakati hawajui. Nawaambia sawa. Wanajua kila mara. Inaonekana kwenye macho. Labda jana mi pia nilionekana hivyo, kuanzia samaki wakavu hadi ukutani.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Baba mdogo François kaja na tangawizi. Akaniuliza homa imetoka wapi. Nikamweleza yote: soko, magunia, ukuta, bati.

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha ghafla, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza polepole: mama wa watu anamkimbia nani? Nikasema ananikimbia mi. Akauliza: na huyo Muteba, alimkimbia? Nikasema hapana, alimpa mkono. Alimtazama usoni? Ndiyo, na kicheko juu. Basi, akasema, Muteba ni mtoto wa jirani, na atabaki mtoto wa jirani. Mama hamtazami usoni mtu anayemhesabu kuwa mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, hasimami naye fasi moja, chini ya bati moja. Ni haya na ni heshima. Mama mkwe wangu akiniona mimi natokea kaskazini, yeye anatakiwa apite kusini, na mimi nimsaidie kwa kupita kusini zaidi. Hiyo hadithi ya mfereji nakusimulia miaka yote, kasema, ulidhani nakuchekesha tu?

Nikasema nilijua hiyo desturi, lakini inaanza baada ya kuposa. Mi bado si mkwe.

Akasema, kwako bado. Kwake ulishakuwa. Amekupa heshima ambayo hujaiomba, nawe umeikimbiza sokoni mpaka ikapanda ukuta.

Nilikaa. Sikuweza kucheka wala kulia. Furaha na aibu ziliingia pamoja na hakuna iliyotaka kutoka kwanza. Mama yangu angekuwepo angenifundisha haya jikoni, bila hata kukusudia. Baba hakuwahi kuwa na mama mkwe hai. Na mi, kila mgongo niliouona, nilidhani ni mlango umefungwa.

Halafu nikakumbuka ujumbe niliomtumia Agnès.

Nimempigia. Hapokei. Nimempigia tena. Hapokei.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Agnès amekuja baada ya masomo, chaki bado kwenye vidole. Safari hii ameingia. Ameketi mbele ya maporomoko ya maji, na hakucheka.

Amesema goti la mama yake limevimba kwa sababu ya ukuta. Amesema miezi mitatu sasa mama yake anavuka barabara kila akiniona kwa mbali. Nikakiri nilidhani macho yake ni dhaifu. Amesema kilichomuuma zaidi ni ujumbe. Kwamba nilimgawa kwa mtu mwingine kama kiti cha ziada, bila kumuuliza, na kwamba usiku ule alijiuliza kama mtu anayeogopa hapana kiasi hicho ataweza kumpa mtu mwingine ndiyo. Nimesema tu nisamehe, na nimelisema vibaya, pua bado imeziba.

Kisha akasema Jumapili asubuhi. Baba yake mkubwa yuko nyumbani, amekuja kwa ajili ya kupokea wageni, neno la mwisho ni lake. Muteba anakuja saa sita. Atakayefika na kusema ndiye atasikilizwa, na mama hawezi kunisemea, kwa kuwa hata kunitaja jina anaona haya. Nisipite. Nisitokee. Nibishe hodi, niseme nimekuja kufanya nini. Asiponisikia nikilisema kwa mdomo wangu, basi atakuwa ameelewa kwamba simtaki.

Nimeapa.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Suti ya marehemu baba. Kuku mweupe. Kreti ya vinywaji. Baba mdogo François mbele, mi nyuma.

Njiani nilimwomba jambo dogo. Mambo yakienda vibaya, aseme tulikuwa tunapita. Akakataa. Akaniuliza watu wanapita na kreti kwenda wapi.

Tulipofika getini, mama Numbi alikuwa barazani. Akaniona, akavuta kitenge, akakimbilia jikoni akichechemea. Na mi, safari hii, nilijua la kufanya. Niligeuka nikakimbia upande wa pili, hadi nyuma ya choo cha jirani, kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nyuma ya choo. Nilisimama pale nikipumua. Kisha nikagundua kwamba ni mahali pazuri pa kubaki. Baba mdogo angeweza kumaliza peke yake. Nikaona pazia la dirisha likisogea, na kidole chenye chaki, hata Jumapili.

Nikarudi. Nikainua mkono kubisha.

Geti likafunguka kabla sijaligusa. Alisimama mzee mrefu, shati jeupe, na miguuni mwake, akitembea kama mwenye nyumba, bata.

Huyu ndiye tata Mbuyi wa Kasaji, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Agnès. Mwenye neno. Niliyempeleka kwenye shimo la mgodi. Niliyemwambia nisubiri hapo kidogo.

Akatutazama: suti, kuku, kreti. Akauliza tumeletwa na nini. Baba mdogo akafungua mdomo, mzee akainua mkono: anamuuliza kijana. Nilikuwa na sentensi tayari, nimeikariri tangu Alhamisi. Mdomo wangu ukasema: “Tunapita tu, tata.”

Baba mdogo akafumba macho. Jikoni kicheko kikatoka, cha mama mtu mzima anayejaribu kukizuia kwa kitenge na kushindwa. Cha Agnès sikukisikia.

Tata Mbuyi hakucheka. Akasema kijana huyu amekutana naye mara tatu kwa siku moja. Mara ya kwanza alimpoteza, mara ya pili alimwacha juani, mara ya tatu alimpa kiti chake na kukaa kwenye chuma. Anataka kujua yupi kati ya hao watatu amesimama hapa leo. Wapitaji wapite, barabara ni ndefu. Akashika geti.

Niliona linavyofungwa. Polepole, kama geti lolote. Nikaweka mkono.

Nikasema: mi Stany. Nimekuja kwa ajili ya Agnès. Nataka kumuoa. Naomba.

Sauti ilikuwa ndogo. Hata kuku alisikika zaidi. Nikangoja ile hapana niliyoikimbia mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mahali ambapo ingeweza kunipata. Haikuja. Mzee akafungua geti, akasema “basi mupite ndani”, na kwenye dirisha Agnès alikuwa anafuta macho na vidole vyake vya chaki, uso mzima mweupe.

Saa sita Muteba alifika na wazee wake. Mama Numbi alitoka kumpokea mwenyewe, akampa mikono miwili, akamtazama usoni. Nilimwonea huruma.

Sasa ni jioni, niko nyumbani, na kila kitu ni sawa isipokuwa kimoja. Goti. Nataka kumwomba mama Numbi msamaha. Agnès amesema nitulie, kuna njia yake: baba mdogo François atapeleka kuku mwingine, maneno yatapita kwa watu, yatafika. Nisifanye chochote. Nimemwahidi mara mbili.

Lakini maneno yanayopita kwa watu wengi yanachoka njiani. Na nimesikia, bila kuuliza sana, kwamba Jumanne asubuhi anakwenda zahanati kufungwa bandeji. Kumtazama siwezi, hilo nimelielewa vizuri. Kwa hiyo nimefanya mazoezi jioni hii, kutoka mlangoni mwa studio hadi maporomoko ya maji, na nimeanguka mara chache tu. Jumanne nitapita mbele ya zahanati, kwa bahati tu, kinyumenyume.